Mtoto "yuko PP1" Eastlands: ni nini hasa kinachohesabiwa?

Kila Januari simu kati ya Pwani na Nairobi huwa na swali moja. Nyanya yuko Kisauni au Likoni, binti na mumewe wamehamia Kayole, Umoja ama Pipeline kufuata kazi, na kuna mjukuu wa miaka minne. "Mwana ameingia shule?" "Ameingia, mama. Yuko PP1." Nyanya hushukuru Mungu, na mazungumzo yakageukia bei ya unga.

Jibu hilo ni la kweli, ila halisemi mengi. Kuwa PP1 Eastlands kwaweza kuwa ni kukaa katika darasa la kaunti lililojengwa ndani ya uwanja wa shule ya msingi, lenye mwalimu mwenye cheti na watoto sitini. Kwaweza kuwa ni chumba cha ghorofa ya chini katika ploti ya orofa saba, dirisha moja, mwalimu mmoja na watoto kumi na tano wa umri tofauti. Kwaweza pia kuwa ni kwa mama mlezi anayewafundisha wimbo wa herufi asubuhi na kuwalaza mchana. Katika takwimu wote hawa wanaweza kuingia mahali pamoja, katika safu ya "walioandikishwa". Mimi nataka kueleza hapa chekechea inavyoelezwa na sheria, inavyopimwa na wale ambao kazi yao ni kupima, na kwa nini vipimo viwili vinavyotajwa zaidi mitaani, yaani idadi ya walioandikishwa na karatasi ya mtihani, ndivyo vinavyomwambia mzazi machache zaidi.

Sheria yasemaje

Waliosoma chini ya 8-4-4 wanakumbuka beibi klasi, nasari na pri-yuniti. Ngazi hizo zilikuwa za desturi zaidi kuliko za sheria, na kila mwenye shule alizipanga apendavyo. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika nchi nzima Januari 2019, chekechea ikawa miaka miwili rasmi: PP1 na PP2, kisha Gredi ya Kwanza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikuwa tayari imeshatoa maana: elimu ya chekechea ni ile anayopewa mtoto wa miaka minne au mitano kabla ya kuingia ngazi ya kwanza ya shule ya msingi.

Katiba ya 2010 nayo, katika Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kaunti jukumu la elimu ya chekechea, na katika mstari huo huo inataja vituo vya kulea watoto. Ni vitu viwili vilivyotajwa kila kimoja kwa jina lake. Walimu wa Gredi ya Kwanza kwenda juu wanaajiriwa na tume ya taifa, lakini mwalimu wa PP1 katika shule ya umma ni mtu wa kaunti. Ndiyo maana mtoto wa Mvita na mtoto wa Makadara wanafuata mtaala mmoja lakini bajeti zao zinapitishwa na mabunge mawili tofauti.

Sasa ingia Pipeline au Tassia uone sheria hiyo inavyokutana na maisha. Katika korido moja kuna mlango wa watoto wachanga, mlango wa wale wa miaka mitatu wanaoitwa pleigrupu, na mlango wa PP1 na PP2 waliochanganywa. Bango la nje linasema "akademi". Mtoto wa miaka mitatu hapo hana nafasi katika maana ya sheria: hajafika umri wa chekechea, na mzazi wake hamwoni kuwa wa kulelewa tu, maana ameshamnunulia sare na analipa karo. Mtu wa takwimu akibisha mlango wa nyumba yake na kuuliza kama mtoto anasoma, mama atajibu ndiyo. Afisa wa kaunti akipita kwenye ile shule kuhesabu watoto wa PP1, huenda asimhesabu. Mwenye shule akijaza fomu, atamweka palipo na faida. Mtoto ni mmoja, na majibu ni matatu.

Kimataifa kuna mstari mwingine. UNESCO ina mfumo wa kupanga ngazi za elimu duniani, uliopitishwa mwaka 2011, na huo unasema mpango wa watoto wadogo uhesabiwe kuwa elimu ikiwa umepangwa kwa nia ya kuelimisha na shughuli zake za kielimu zinafika walau kiasi cha saa 2 kwa siku na siku 100 kwa mwaka. Elimu ya chekechea kwao huanza miaka 3. Saa mbili si nyingi, lakini lililotiliwa mkazo ni saa za elimu, sio saa za kukaa. Mtoto anayepelekwa saa kumi na mbili asubuhi mamake akiwahi matatu na kuchukuliwa saa kumi na mbili jioni amekaa saa kumi na mbili, na bado huenda hakupata zile mbili.

Hapa msomaji wa Pwani atauliza: na chuo je? Swali la haki kabisa. Mtoto wa Majengo, Pumwani, ambako Waswahili wameishi tangu miaka ya 1920, aweza kuingia chuoni akiwa na miaka minne na kusoma kila siku, mwaka mzima, isipokuwa mfungo na sikukuu. Saa amezifikisha, na siku amezipita. Eastleigh, mtoto wa jirani yake yuko duksi vivyo hivyo. Lakini katika sensa zetu madrasa na duksi huwekwa kwenye safu yao peke yake, mbali na chekechea. Sisemi kwamba chuo na PP1 ni kitu kimoja. Mwalimu wa chuo mwenyewe atakwambia anafundisha Qur'ani na adabu, si hesabu za vitu. Ninalosema ni kwamba ukisoma ripoti inayodai watoto wa maeneo ya Waislamu "hawako katika elimu ya awali", uliza kwanza waliwekwa safu gani.

Asilimia inayopita mia

Tuje kwenye hesabu yenyewe. Kuna kiwango cha jumla na kiwango halisi cha uandikishaji, na magazeti huvichanganya kila mwaka.

Chukua mtaa wa kubuni wenye watoto 100 wa miaka minne na mitano. Tuseme 70 kati yao wako PP1 au PP2. Madarasani humo pia kuna watoto 40 wengine: wa miaka mitatu walioingizwa mapema kwa sababu mama anafanya kazi, na wa miaka sita waliorudishwa PP2 kwa sababu "hajui kusoma bado". Kiwango halisi ni asilimia 70. Kiwango cha jumla ni asilimia 110. Mwanasiasa atatangaza cha pili, na hatakuwa amesema uongo. Lakini watoto 30 wamepotea nyuma ya ile 110.

Ubaya wa Eastlands ni kwamba hata ile 100 ya chini haijulikani vizuri. Sensa ya Agosti 2019 iliipata Nairobi na watu 4,397,073. Tangu hapo kila mwaka hesabu ni makadirio, na makadirio hayajui kwamba landilodi amemaliza orofa nne mpya nyuma ya stejini na familia mia moja zimeingia. Wapangaji huhama: kodi ikipanda Umoja wanakwenda Kayole, kazi ikiisha wanarudi Kilifi au Kakamega. Mtoto huanza PP1 muhula wa kwanza mahali pamoja na kumaliza pengine. Akiandikishwa mara mbili amekuwa wawili. Asipoandikishwa pale pengine, amekuwa si mtu.

Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa yamejaribu kulirahisisha jambo hili kwa kuuliza swali dogo zaidi: katika mwaka mmoja kabla ya umri rasmi wa kuanza shule ya msingi, ni watoto wangapi wako katika masomo yaliyopangwa? Kwa Kenya ni umri wa miaka mitano. Tanzania Bara, ambako sera ya 2014 inataja mwaka mmoja wa elimu ya awali, swali hilo linalingana na mpango wenyewe. Kwetu linaacha PP1 nje ya picha. Na pande zote mbili linabaki swali la kuwemo au kutokuwemo. Halisemi ndani mna nini.

Kwa nini mzazi ajali hesabu za maofisini? Kwa sababu pesa na chakula hufuata hesabu. Mfano ulio wazi ni mpango wa chakula wa Nairobi, Dishi na County, ulioanza 2023. Mtoto wa shule ya umma, pamoja na wa chekechea ya kaunti, hula chakula cha mchana kwa mzazi kuchangia shilingi 5, akigusisha bangili yake ya mkononi kwenye mashine. Ni jambo jema na sioni haja ya kulitafutia kasoro ndogondogo. Lakini katika mitaa ya Eastlands watoto wengi wa umri wa chekechea wako katika shule ndogo za kibinafsi, si kwa sababu wazazi wao ni matajiri, bali kwa sababu ya umma iko mbali, imejaa, au iko ng'ambo ya barabara ambayo mtoto wa miaka minne hawezi kuivuka. Mukuru, ambako watafiti walipita nyumba kwa nyumba miaka kumi na kitu iliyopita, waliona idadi kubwa sana ya watoto wa chekechea wakiwa shule za kibinafsi. Hao hawana bangili. Mtoto maskini kuliko wote katika ploti huenda ndiye anayelipiwa karo na kubeba chai ya rangi kwenye chupa.

Jambo hili lina historia. Januari 2003 serikali ya Kibaki ilipofuta karo za shule za msingi, chekechea haikuguswa. Wazazi wengi wakapiga hesabu ya haraka: kwa nini nilipie nasari na darasa la kwanza ni bure? Wakavusha watoto moja kwa moja, na nasari nyingi zikapungukiwa. Wizara ilikuja kutambua shule zisizo rasmi chini ya utaratibu wa APBET, ikatoa miongozo ya kuzisajili, lakini kusajiliwa ni kazi: ardhi, vyoo, vyeti vya walimu, ukaguzi wa afya. Shule ya vyumba vitatu vya kukodi haina ardhi ya kuonyesha. Inabaki nje ya daftari, na watoto wake nayo.

Wanaopima ndani ya darasa

Wataalamu hugawa ubora katika mafungu mawili. La kwanza ni vile vitu unavyoweza kuvihesabu chumba kikiwa kitupu au kwa kusoma faili: ukubwa wa chumba, vyoo, maji, cheti cha mwalimu, idadi ya watoto. Miongozo ya serikali inataja watoto 25 kwa mwalimu mmoja. La pili ni yanayotokea watu wakiwemo: mwalimu anamsemesha mtoto au anamfokea, mtoto anauliza swali au anakariri tu, anashika kitu au anakitazama ubaoni. La kwanza hupimwa kwa urahisi na ndilo linalojaza ripoti. La pili ndilo linalomfikia mtoto.

Kipimo kilichosambaa zaidi cha fungu hili la pili kilitungwa Marekani mwaka 1980 na Thelma Harms na Richard Clifford wa Chuo Kikuu cha North Carolina. Kinaitwa ECERS. Mtu aliyefunzwa hukaa darasani saa kadhaa, kimya, akitoa alama kutoka 1 hadi 7 kwa kila jambo: 1 ni duni, 3 ni afadhali, 5 ni nzuri, 7 ni bora. Nakipendea jambo moja. Vitu vya kuchezea vilivyo juu ya kabati au vilivyofungiwa ofisini havimpi mwalimu alama. Kinachohesabiwa ni kile ambacho mtoto anaweza kukifikia mwenyewe na kukitumia. Shule ngapi mnazozijua zina midoli mizuri ya siku ya wageni?

Sasa, kipimo hiki hakikubaki Marekani. Miongoni mwa mahali kilipofanyiwa kazi kwa uzito Afrika Mashariki ni kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Pwani walikuwa na wasiwasi kwamba watoto wao wanaachwa nyuma shuleni, na wakapeleka haja yao kwa Aga Khan. Ukazaliwa Mombasa mpango wa chekechea za madrasa, ukiongozwa na mwalimu wa hapa hapa, Bi Swafiya Said. Ulichukua mbinu za HighScope za Marekani, ambazo humwacha mtoto apange mchezo wake, aufanye, kisha aeleze alichofanya, na ukazichanganya na mafunzo ya dini na vitu vya mazingira yetu. Jamii ndiyo iliyotoa chumba na kumteua mwalimu, mara nyingi mama wa mtaa huo huo, ambaye alifunzwa na kutembelewa kazini. Mwaka 1990 ulifika Zanzibar na 1993 Uganda, na hatimaye chekechea za namna hiyo zikapita 200 katika nchi hizo tatu.

Peter Mwaura, pamoja na Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg wa Oxford, waliufanyia mpango huo utafiti uliochapishwa 2008. Walilinganisha makundi matatu: watoto wa chekechea za madrasa, watoto wa chekechea nyingine, na watoto waliobaki nyumbani. Waliwapima watoto wenyewe kwa mazoezi ya akili yaliyorekebishwa, na walipima madarasa kwa ECERS. Watoto wa chekechea za aina zote mbili waliwapita waliobaki nyumbani, na wale wa madrasa walipiga hatua kubwa zaidi. Tahadhari ni moja: haikuwa bahati nasibu, wazazi walichagua, na mzazi anayechagua huwa na mambo mengine pia. Lakini majengo ya madrasa hizo hayakuwa ya fahari. Tofauti ilikuwa katika mwalimu alivyofunzwa na anavyokaa na watoto.

Hilo linanipeleka kwenye maneno ya kibiashara ambayo yamefika hata Donholm na Buruburu, kwamba "utafiti umeonyesha chekechea hubadilisha maisha". Utafiti unaotajwa zaidi ni wa Perry, uliofanyika mji wa Ypsilanti, Michigan, kuanzia 1962, kwa watoto 123 tu, ambao walifuatiliwa hadi utu uzima. Matokeo yalikuwa mazuri. Lakini chekechea ile ilikuwa na mwalimu mmoja kwa watoto kama sita, waliosoma saa mbili na nusu kwa siku, na mwalimu aliwatembelea nyumbani kila wiki. Anayekuuzia darasa la watoto hamsini kwa sifa za Perry anakuuzia jina la dawa kwenye chupa ya maji.

Wanaompima mtoto

Njia ya tatu ni kuacha jengo na mwalimu na kumwangalia mtoto. UNICEF tangu 2020 inatumia maswali 20 anayoulizwa mama au mlezi wa mtoto wa miezi 24 hadi 59. Je, anaweza kuruka kwa miguu yote miwili? Anajivalia nguo? Ukimwambia akupe vitu vitatu, anakupa vitatu? Anatambua walau herufi tano? Kutokana na majibu husemwa kama mtoto anakwenda sawa kwa umri wake. Ni rahisi, na ni kwa ajili ya picha ya taifa. Haikukusudiwa kumwambia mama mmoja wa Dandora kwamba mwanawe ana tatizo, na asitokee mwenye shule akaitumia hivyo.

Mwaka 2014 UNESCO, UNICEF, Benki ya Dunia na taasisi ya Brookings walianza kazi ya pamoja iitwayo MELQO, ya kutengeneza vipimo vya mtoto na vya darasa ambavyo kila nchi ingevirekebisha. Tanzania ni miongoni mwa zilizovitumia. Kiini chake ni kukubali kwamba chumba cha futi kumi kwa kumi kitafeli kipimo cha nafasi kila siku, kwa hivyo afadhali uulize pia kinachofanyika ndani yake.

Na kabla ya hapo, Kilifi walikuwa wamefanya yao. Watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome, akiwemo Amina Abubakar ambaye leo ni profesa, walitengeneza kipimo cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35 kwa kutumia vitu na kazi ambazo mtoto wa kijiji cha Pwani anazijua. Walikichapisha 2008. Sababu yao ni ile ile ambayo mzazi anaijua bila utafiti: mtoto ambaye hajawahi kuona kitu hawezi kupimwa kwa kitu hicho.

Lugha ndiyo inayoumiza zaidi Eastlands. Sera inasema madarasa ya chini yatumie lugha ya eneo la shule, na mjini hiyo ingekuwa Kiswahili. Mtoto wa Kayole anazungumza Sheng na wenzake, Kiswahili na mamake, labda Kikamba na nyanya. Mtoto aliyehamia kutoka Old Town anasema mtele na mato. Anafika PP1 na kuulizwa, kwa Kiingereza, rangi ya tufaha ambalo halijawahi kuingia nyumbani kwao. Akinyamaza, anaandikiwa kuwa hajui rangi. Anajua. Muulize rangi ya matatu za njia yao.

Yapo yaliyofanywa vizuri. Mradi wa Tayari, ulioendeshwa na RTI pamoja na wizara katika Nairobi, Laikipia, Siaya na Uasin Gishu miaka ya 2014 na baadaye, ulifundisha walimu, ukawapa vitabu na miongozo, na ukawa na wasaidizi wa kuwatembelea darasani. Shule ndogo za kibinafsi zilikuwemo. Maeneo yaliyoanza na yaliyosubiri yalichaguliwa kwa kura, na kituo cha utafiti cha APHRC cha hapa Nairobi kikawapima watoto utayari wao wa kuingia darasa la kwanza. Watoto wa Tayari walikuwa mbele. Tena hapakujengwa jengo lolote.

Kipimo cha mtaani

Pamoja na yote hayo, kipimo kinachotawala mitaani ni daftari. Mzazi hufungua begi jioni na kutazama kurasa zilizojaa. Zikijaa, mwalimu ni mzuri. Mtoto akisema "good morning" na kuhesabu hadi mia, pesa haikupotea. Simlaumu mzazi huyu. Anajua kwamba mwisho wa PP2 shule nyingi nzuri za kibinafsi zitamwita mwanawe kwenye intavyu, atapewa karatasi, na nafasi ni chache. Sheria ya 2013 inazikataza shule za umma kumtahini mtoto ili kumkubali au kumkataa. Mtihani unaruhusiwa wa kumpanga tu. Shule za kibinafsi zinafanya zitakavyo. Basi intavyu ya miaka sita inashuka na kuwa mtaala wa miaka minne, na vipindi vya nusu saa vya mchezo, vitendo na mazingira vilivyo kwenye ratiba ya KICD vinageuka kuwa kunakili "a a a a" hadi kidole kiume.

Na wenye shule wanajua. Mwalimu anayewaacha watoto wapange vifuniko vya chupa kwa rangi na ukubwa anafundisha hesabu, lakini hana cha kumwonyesha mzazi jioni. Mwenzake wa jengo la pili ana kurasa kumi. Mzazi atahama.

Kwa hivyo, aliye na mtoto wa kuingiza shule aombe kukaa darasani asubuhi moja, saa moja tu, sio siku ya wageni. Shule ikikataa kabisa, hilo nalo ni jibu. Ahesabu watoto waliomo, si wale alioambiwa. Asikilize ni nani anayezungumza: ikiwa saa nzima hakuna mtoto aliyesema sentensi yake mwenyewe isipokuwa kuitikia kwa pamoja, hapo hapana chekechea, pana kwaya. Aone kama kuna kitu ambacho mtoto anaweza kukishika bila ruhusa. Aone mwalimu anavyofanya mtoto anapokosea, na choo kiko wapi, na nani huwapeleka. Aulize PP1 na PP2 wamechanganywa na wangapi hapo hawajafika miaka minne. Cheti cha mwalimu na usajili wa shule aviulize pia, lakini baada ya hayo.

Upande wa kaunti ni kwenye vikao vya umma vya bajeti, ambavyo wakazi wengi wa asili ya Pwani walioko Eastlands huviona kuwa ni vya wenyeji wengine. Ni vyao pia. Wanalipa kodi na ushuru huko. Maafisa wakija na idadi ya walioandikishwa, waulizwe mambo mawili kwa kila wadi: watoto wangapi kwa mwalimu mmoja, na watoto wangapi wa miaka minne na mitano wako katika shule ambazo kaunti haijazisajili. La pili litawachukua muda kulijibu, kwa kuwa itabidi watu waingie kwenye zile korido za Pipeline na Mukuru wakiwa na daftari. Na shule hizo zikishaandikwa, ndipo mtu ataweza kusimama katika kikao cha mwaka ujao na kuuliza bangili za chakula zitazifikia lini.